Muuza Maua Korongoni

Velga hakuja Bovec kushuka makorongo ya maji kwa kamba. Alikuja kulala. Ndivyo alivyojiambia ndani ya basi lililompandisha milimani kutoka Nova Gorica, begi kubwa la mtoto wa kaka yake likiwa limembana magoti: nitafika, nitapata kitanda cha dirishani, nitavuta pazia, nitalala mpaka usingizi wenyewe unikimbie.

Lakini mvua ilikuwa imeushukia mji huo kwa siku mbili, na hosteli ilijaa vijana waliokosa pa kwenda. Walicheza karata, walikaanga vitunguu, walicheka mpaka kuta zikatetemeka. Velga alilala vipande vipande kama mtu aliye zamu. Siku ya tatu jua lilipochomoza, Ajda, msichana wa mapokezi, alimkuta akimimina chai jikoni.

"Dada, leo wanashuka korongoni. Wapo watatu, na gari haliondoki bila wanne. Umebaki wewe tu."

Velga alifungua mdomo aseme hapana. Kilichotoka ni, "Saa ngapi?"

Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake, na alikuwa nao kabla ya safari hii. Kwao Kuldīga, huko Latvia, alikuwa muuguzi katika wodi ya wazee. Akitoka wodini alirudi nyumbani kwa mama yake, aliyepooza upande mmoja, na kazi ikaanza upya: kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kumbadilishia mashuka, kumsikiliza akimlaumu kwa supu isiyo na chumvi. Miaka tisa ilikwenda hivyo. Mama alifariki mwezi Machi, barafu ya mto Venta ilipokuwa ikikatika, na baada ya maziko kaka yake Guntars alimletea lile begi la mwanawe. "Nenda ukapumzike, Velga," alisema. "Ukaione dunia."

Basi akaenda. Na dunia, kila alipoifikia, ilikuwa na mgonjwa. Kule Krakow alimfunga binti mmoja malengelenge ya kisigino, na asubuhi wakamngojea watatu mlangoni, viatu mkononi. Kule Brno alikesha na kijana aliyelewa hadi kuzimia, akimgeuza ubavu asije akapaliwa na matapishi yake, huku rafiki za kijana huyo wakikoroma vitanda vya juu. Alipovuka Austria alikuwa amekata shauri. Kuanzia hapo, mtu akimwuliza kazi yake, alijibu kwamba anauza maua.

Mwenye gari aliitwa Gorazd. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, ndevu zimeingia mvi, na kila aliposhuka garini alisimama kwanza kidogo akishika mlango, kama anayeingoja miguu yake ikubali. Alifanya kazi na shemeji yake, Polona, mke wa mdogo wake, mwanamke mpana wa mabega aliyezungumza kwa kukatakata.

"Shemeji, kamba ndefu umeipakia?" Gorazd aliuliza.

"Nimeipakia jana. Wewe ndiye unayesahau, si mimi."

"Nauliza tu."

"Basi umejibiwa."

Nyuma walikaa Jagoda na Wit, Wapolandi waliooana mwezi huo huo na bado walikuwa wakishikana mikono kwa kila kitu, hata kufungua chupa ya maji. Karibu na Velga alikaa Nemanja, Mserbia wa Novi Sad, kijana mkubwa kama kabati, aliyeacha kazi ya kuuza simu na sasa alizunguka nchi za watu akiwa na viatu jozi moja. Gari halijamaliza kona ya kwanza naye alikwisha kujua majina ya wote.

"Na wewe, shangazi, unafanya kazi gani?"

"Nauza maua."

"Maua," Nemanja alisema kwa heshima, kama aliyeambiwa mtu ni jaji. "Kazi safi hiyo. Hakuna anayekuja dukani kwako amenuna."

"Wanaokwenda mazikoni je?" Wit aliuliza.

"Hao wamehuzunika, hawajanuna. Ni tofauti. Sivyo, shangazi?"

Velga alisema sivyo, kisha akasema ndivyo, kisha akageukia dirisha. Hakuwa na nguvu ya kudanganya kwa kirefu.

Gari likaachwa kando ya barabara, wakapewa mizigo yao: suti nzito ya mpira, helmeti, mikanda ya kiunoni na mapajani. Walipanda kwa miguu katika msitu wa miti mirefu, jua likiwachoma migongo, suti zikiwa mabegani kama watoto waliokataa kutembea. Velga alihesabiwa kuwa mtu mwenye nguvu huko kwao. Aliweza kumwinua mgonjwa peke yake kitandani. Lakini njia ile ilimtafuta mahali ambapo uchovu ulikuwa umekaa siku nyingi, na ikapapata. Kila kona alidhani ni ya mwisho. Jagoda, aliyekuwa mbele, alimgeukia mara mbili akamwuliza kama yuko salama. Mara zote mbili Velga alitabasamu, uso wake ukijua njia ya tabasamu lile bila kuelekezwa.

Juu, kwenye ukingo wa kijito, walivaa. Suti zilikuwa bado mbichi, baridi kama samaki. Polona alimvuta Velga zipu ya mgongoni kwa nguvu hadi akanyanyuka.

"Pumua," Polona alisema. "Inaingia? Sawa. Suti ya saizi yako imechanika, hii imezidi kidogo. Ukisikia baridi, niambie. Usininyamazie."

"Nitakwambia."

"Wote husema watasema."

Gorazd alisimama ndani ya maji yaliyomfika magotini akaeleza mambo machache. Kuruka ni miguu kwanza, wala si lazima. Asiyetaka kuruka atashushwa kwa kamba. Kuteleza ni kwa mgongo, mikono imefungwa kifuani, na haifunguliwi mpaka umefika majini. "Hata ukiona senti ya dhahabu," alisema, "mikono kifuani. Hili narudia kila siku na kila siku kuna mtu anakunja uso kana kwamba namtukana. Na jambo la mwisho. Tukishashuka poromoko la kwanza nikavuta kamba, hakuna kurudi juu. Kuna mahali pamoja katikati pa kutokea msituni. Kwingine kote, njia ni chini tu."

Hakuna aliyerudi.

Poromoko la kwanza lilikuwa refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Nemanja alishuka akiimba. Wapolandi walishuka mmoja mmoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa hofu iliyozidi ile ya nafsi yake. Zamu ya Velga ilipofika, Gorazd alimfunga kamba iliyopita kwenye chuma kilichofungwa mtini, akakagua, akakagua tena, kisha akamwambia akae nyuma, akae kabisa, kama anayekaa kwenye kiti.

Velga alikaa nusu. Miguu ilikuwa mwambani, mikono miwili imeng'ang'ania kamba juu ya kichwa chake, na misuli yote ya mgongo ilikuwa imekaza.

"Mama," Gorazd alisema kwa sauti ya kawaida, ingawa maji yalinguruma. "Unajishikilia mwenyewe."

"Ndiyo."

"Usijishikilie. Nimekushika mimi. Nipe uzito wako."

"Nimekupa."

"Hujanipa. Ninausikia kwenye kamba. Umenipa kidogo, mwingine umebaki nao."

Ni maneno ya kazi tu, na bila shaka aliyasema kwa kila mtu mwoga aliyepita pale tangu theluji ilipoyeyuka. Velga hakuwa mwoga. Alikuwa hajui namna ya kufanya lile jambo. Uzito aliujua kwa upande mwingine: kwa miaka yote ile mikono yake ndiyo iliyokuwa kamba. Alijua mwili wa mtu mzima una uzito gani ukilegea, na alijua mtu anayejilegeza anavyomwumiza anayembeba. Akiwa pale ukingoni alijikuta anamwonea huruma Gorazd na magoti yake.

"Huchoki?" alimwuliza.

"Nimechoka sana," Gorazd alisema. "Lakini kazi inafanywa na chuma na mti, mimi nashika ncha tu. Kaa."

Akakaa. Aliachia kidogo, kisha kidogo tena, na mahali fulani kati ya mwamba na maji mikono yake ikashuka yenyewe. Kamba ikamchukua. Aliteremka polepole, manyunyu ya maji yakimpiga usoni, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na kitu hata kimoja duniani alichotakiwa kukifanya. Alipogusa dimbwi la chini hakutaka kufunguliwa. Polona, aliyekuwa akimngojea na maji kifuani, alilazimika kumgusa bega.

Wakaendelea. Waliteleza kwenye mawe yaliyosuguliwa laini kama sinki, wakaogelea ndani ya vyumba vya mawe vyenye maji ya kijani, wakaruka. Velga aliruka mara moja, kisha akaomba kushushwa. Baridi ilianza kwenye vidole vya miguu. Suti ile pana ilikuwa ikichota maji mapya kila dimbwi. Polona alimwuliza, "Unasikia baridi?" naye Velga akajibu, "Kidogo tu." Baadaye akaulizwa tena, akajibu vilevile, ingawa meno yalikuwa yakigongana. Hakudanganya kwa makusudi. Ni kwamba hilo lilikuwa jibu lake la siku zote.

Walipofika kwenye mtelezo mrefu, Gorazd alikuwa wa kwanza kushuka akasimama chini, na Polona akabaki juu akiwapanga mmoja mmoja. Wit alishuka vizuri. Jagoda alishuka vizuri akipiga kelele. Nemanja alikaa, akafunga mikono kifuani, akageuka kumtazama Velga.

"Shangazi, nikifa niletee mawaridi."

"Tazama mbele," Polona alisema, akamwachia.

Katikati ya mtelezo mwili wake mkubwa uliyumba kidogo upande, jambo lisilo na madhara yoyote, lakini mkono wake wa kulia ukafanya kile ambacho mkono hufanya: ukafunguka kutafuta pa kushika. Ukapata ufa. Mwili ukaenda, mkono ukabaki, kisha nao ukafuata. Ukelele wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa mfupi na wa mshangao, na Velga aliujua mara moja, kwa maana alikuwa ameusikia mara nyingi kwenye korido.

Polona alimshusha Velga kwa kamba haraka, naye akafuata. Walipofika chini, Gorazd alikwisha kumtoa Nemanja majini na kumkalisha juu ya jiwe bapa lililopigwa na jua kidogo. Kijana alikuwa mweupe kama maziwa ya mgando. Bega la kulia lilikuwa limebadilika umbo, limekuwa na pembe pasipo na pembe, naye alilishikilia kwa mkono wa kushoto kana kwamba ni la mtu mwingine na aliambiwa alitunze.

"Limetoka," Gorazd alisema. "Halijavunjika, nadhani. Lakini limetoka."

"Lirudishe," Nemanja alisema.

"Sirudishi kitu. Watakurudishia wenye picha za eksirei na sindano za usingizi."

Velga hakuamua. Miguu yake ndiyo iliyompeleka. Alijikuta amepiga goti mbele ya Nemanja, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya wodini, tulivu, isiyo na haraka.

"Mimi ni muuguzi. Niache nimwone."

Jagoda alimkodolea macho. "Si ulisema unauza maua?"

Hakuna aliyecheka. Nemanja alimtazama Velga kwa matumaini makubwa hata akajisikia kama aliyenaswa. Akanyoosha mkono ashike kifundo cha mkono wake, apime mapigo, ajue kama damu inafika vidoleni. Mkono wake haukumtii. Vidole vilikuwa vimekakamaa, rangi ya nta, vikigongagonga mwili wa kijana bila kuhisi chochote. Akajaribu mkono wa pili. Ulikuwa vilevile. Alivitazama vidole vyake kama watu wa ukoo waliokataa kumsalimia.

"Mama," Gorazd alisema.

"Subiri. Vitapata joto sasa hivi."

"Mama, midomo yako imekuwa ya bluu."

"Nimesema subiri, kaka. Najua ninachofanya."

"Sina shaka unajua." Aliinama, akamshika chini ya makwapa, akamwinua taratibu kutoka pale alipokuwa, kama mtu anayehamisha kitu kinachoweza kuvunjika. "Lakini nami najua. Nimefanya hivi mara nyingi kuliko ninavyopenda. Hii ni wodi yangu. Wewe leo ni mgonjwa. Kaa pale."

"Lakini yeye—"

"Kaa pale. Polona, mpe chai. Yote."

Velga alikaa. Alitaka kukasirika, na kwa dakika chache alikasirika kweli. Alimtazama Gorazd akifanya kazi yake huku akimtafutia kosa. Gorazd alimwuliza Nemanja kama anahisi vidole, akamwambia avichezeshe, akapima mapigo kwenye kifundo, akatoa kitambaa cha pembetatu kwenye mfuko usioingia maji, akaufunga mkono ule ulivyo, bila kuunyoosha, kisha akauzungushia mkanda wa akiba kifuani usicheze. Alifanya polepole. Aliongea naye muda wote mambo ya mpira na ya Novi Sad. Velga alitafuta kosa mpaka mwisho, na halikuwepo. Mambo yalikuwa yakienda bila yeye.

Polona alimfunika karatasi ya kukinga baridi, yenye kung'aa kama fedha, akamvisha kofia ya sufu chini ya helmeti, akamshikisha kikombe cha chai ya sukari nyingi. Kikombe kikamtetemeka mikononi, chai ikamwagika. Ndipo Jagoda akaketi upande mmoja, Wit upande wa pili, wakambana katikati bila kuulizwa. Jagoda alikichukua kikombe akamnywesha.

"Kunywa kidogo kidogo," alisema. "Hivyo. Tena."

Ni maneno ambayo Velga mwenyewe alikuwa ameyasema mara elfu. Hakukumbuka mtu kumwambia yeye. Machozi yakaanza kumtoka, si kwa kwikwi, yanatoka tu, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umelowa tayari alidhani hawataona. Jagoda aliona. Akavishika vidole vyake akavisugua kati ya viganja.

"Mimi nami nililia juzi," Wit alisema, akitazama maji. "Kwenye treni. Nilipoteza viatu vipya."

"Alilia kweli," Jagoda alisema. "Watu waligeuka."

Mahali pa kutokea msituni palikuwa mbele kidogo, baada ya dimbwi moja tu. Polona alitangulia mbio kulifuata gari. Gorazd alimvusha Nemanja kando kando ya maji, akamuunganisha na kiuno chake mwenyewe kwa kamba fupi, wakapanda njia ya mwinuko iliyokuwa na waya wa chuma wa kushika. Kijana alipanda akitweta, akilaani kwa Kiserbia, mara nyingine akisimama kabisa. Gorazd naye alisimama. Hakumhimiza. Velga alikuja nyuma katikati ya Wapolandi, na mara mbili alishikwa kiwiko, na mara zote mbili aliacha ashikwe.

Barabarani gari lilikuwa limefika. Wakamvua Nemanja suti kwa kuikata kwa mkasi, wakamfunika blanketi, wakamkalisha kiti cha mbele. Sasa maumivu yalikuwa yamempungua kidogo na hofu ilikuwa imepata nafasi. Alimtazama Velga aliyekuwa amesimama pembeni, akitoa maji katika viatu.

"Shangazi, twende wote hospitali. Wewe unajua mambo yao. Mimi sina mtu hapa."

Polona alimtazama Velga, Jagoda alimtazama. Hospitali ilikuwa mbali, chini kabisa bondeni, zaidi ya saa moja kwa gari. Velga aliiona tayari: korido, viti vya plastiki, taa nyeupe, mwanamke wa dirishani, kusubiri, kumshikia koti, kumwambia itakuwa sawa. Aliijua harufu yake. Jibu lilikwisha kusimama mdomoni, lile lile la kila siku, na akaona jinsi lilivyo rahisi kutoka.

"Hapana," alisema.

Lilitoka dogo, karibu lisisikike. Akalirudia kwa adabu.

"Hapana, mwanangu. Sitakuja. Nimechoka sana."

Nemanja alipepesa macho. Gorazd alikuwa akikunja kamba. Hakuinua kichwa.

"Nampeleka mimi," alisema. "Ni kazi yangu. Polona atawarudisha nyinyi kwa gari la jirani."

Gari likaondoka. Velga alilitazama mpaka likapotea kwenye kona, akisubiri ardhi ipasuke. Polona alimpita na suti mabegani. "Twende, dada," alisema. "Utagandia hapo."

Hosteli ilikuwa tupu, vijana wote wako mtoni. Velga alioga maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu, akapanda kitandani, akavuta pazia. Sasa alikuwa na ukimya wote aliokuwa akiutafuta, na ndani ya ukimya ule akamwona Nemanja peke yake koridoni, blanketi likimdondoka. Mtu wa aina gani humwacha mtoto wa mtu hivyo? Mama yake angesema nini? Alijua kabisa mama yake angesema nini. Alikaa kitandani akatafuta viatu vyake. Labda kuna basi. Kisha akakumbuka kwamba Kiserbia na Kislovenia cha hapa ni lugha za ukoo mmoja, na kwamba kijana yule angeelewana na madaktari wale kuliko yeye Mlatvia angeweza kuelewana nao hata kwa mwaka mzima. Wazo hilo lilimshangaza. Alikaa na kiatu kimoja mkononi akilifikiria, na katikati ya kulifikiria akalala, jua likiwa bado liko juu ya milima.

Aliamka siku ya pili mchana. Kwanza hakujua yuko nchi gani. Kisha akasikia sauti ya Nemanja uani.

Alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa vizuri kifuani kwa kitambaa cha bluu cha hospitali, akila zambarau za kizungu kutoka kwenye bakuli na kuwasimulia Wadachi wawili. Poromoko katika simulizi yake lilikuwa limerefuka sana. Alipomwona Velga aliinua mkono mzima.

"Shangazi, umeamka? Nilimwambia Ajda akuchungulie, nikadhani umekufa."

Velga alikaa karibu naye. Alikuwa ameyapanga maneno wakati akivaa. "Nemanja, jana nilikuacha uende peke yako. Nisamehe."

"Kuniacha wapi?"

"Hospitali. Uliniomba nikusindikize."

Kijana alikunja uso, akitafuta. "Nilikuomba? Labda. Nilikuwa nasema mengi. Niliwaomba hata wale madaktari wanipe burek, ile sambusa yetu kubwa. Gorazd ndiye aliyeninunulia, ya nyama, akanilisha kama ndege." Alitema kokwa. "Halafu yule muuguzi wa kule, shangazi, kama ungemwona. Bega lilirudi lenyewe kwa aibu."

Velga alimtazama. Lawama zote alizojitwika, kijana huyu hakuwa nazo hata chembe. Hakujua kama aone faraja au achukie.

"Ila sijui nitaogaje na kitu hiki," Nemanja aliendelea, akikitazama kitambaa. "Wewe unajua, sivyo? Unakivuaje?"

Mikono ya Velga ilikwisha kuinuka. Aliirudisha mapajani.

"Walikueleza jana, hukusikiliza. Mpigie simu yule muuguzi wako."

Nemanja alicheka mpaka bega likamwuma, na Wadachi wakacheka kwa kumwona anacheka.

Alasiri ile Guntars alipiga simu. Aliuliza hali ya hewa, akauliza chakula, akazunguka zunguka kama afanyavyo akitaka kitu. Hatimaye akafika. Mama mkwe wake alikuwa ameteguka nyonga kwa kuanguka kwenye ngazi za jikoni. Angeruhusiwa kutoka wiki ijayo. Mkewe ana kazi, yeye ana kazi, na nyumba ya marehemu mama ina kile kitanda cha kupandisha na kushusha.

"Na wewe unayajua mambo haya, Velga. Ungerudi tu mapema kidogo."

Velga alikuwa amesimama nje ya duka la mikate. Ng'ambo ya barabara mwanamke alikuwa akianua nguo.

"Nimechoka, Guntars."

"Umechokaje? Si uko likizo?"

"Nimeanza likizo jana."

Kaka yake hakuelewa, na alikuwa na haki ya kutoelewa. Velga alimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama baba yao alivyokuwa akifanya. Aliyasubiri maneno makali, akayaandalia mgongo. Hayakuja.

"Yule dada yake mama mkwe, wa Liepāja, labda," Guntars alisema mwishowe, pole pole. "Nitamwuliza."

"Mwulize."

"Lakini kitanda tutakichukua."

"Kichukueni. Ufunguo uko kwa jirani."

Alipokata simu, njaa ilikuwa imemshika. Akaingia kwenye mkahawa mdogo karibu na kanisa, akaagiza kile ambacho kila mtu alikuwa akila, viazi vya kuchemsha na jibini laini ya chumvi, na alipogeuka kutafuta meza akamwona Gorazd amekaa peke yake pembeni, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kiti. Akamwonyesha kwa kijiko aje akae.

Gorazd alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyeendesha gari kwenda na kurudi kisha akaamka alfajiri. Leo tena alikuwa ameshusha kundi, alisema, na kesho kuna lingine, na baada ya wiki chache maji yatakuwa baridi mno na atatundika suti.

"Kisha unafanya nini?" Velga aliuliza.

"Nakata kuni. Mke wangu anasema nakoroma mpaka Krismasi." Alimenya kiazi. "Na wewe? Utarudi wodini?"

"Nitarudi. Naipenda kazi, ndilo tatizo. Lakini si mwezi huu."

Gorazd alitikisa kichwa kukubali. Hakumpa ushauri wowote. Akasogeza bakuli la jibini katikati ya meza, na Velga, bila kuuliza kama mwenzake ameshiba, akajipakulia tena.